Akina García ni ukoo mmoja?

Mama Nasra, Mzanzibari anayeishi Muscat, ameandika hivi: "Nafanya kazi ya ofisini katika hospitali moja hapa. Wodini kuna muuguzi Mfilipino anaitwa Garcia. Mwaka huu akaja daktari kutoka Uhispania, naye García Molina. Tukamwandika kwenye kompyuta Daktari Molina, akasema tumekosea. Nyumbani wanangu wakitazama mpira wa Uhispania, García hawaishi uwanjani. Shemeji yangu anashikilia kuwa jina hili ni la Kiarabu, limetokana na gharasa, yaani kupanda mti. Ni kweli? Maana yake nini? Hawa wote ni ukoo mmoja? Na kwetu Afrika jina hili limewahi kufika?"

Mama Nasra, nianze na ukoo. Muuguzi wenu, daktari wenu na hao wachezaji hawana babu wa pamoja anayeitwa García, na hawajawahi kuwa naye. Jina hili kwa asili halikuwa la ukoo hata kidogo. Lilikuwa jina la mtu, mtoto alipewa siku ya ubatizo. Kwa karne kadhaa kaskazini ya Uhispania ilijaa wanaume walioitwa García, na kila mmoja aliyezaa aliweza kuwaachia watoto jina lake. Akina García wa leo wametoka kwa maelfu ya akina baba mbalimbali, wakulima, wahunzi, askari na wafalme, ambao kilichowaunganisha ni kuitwa vile tu.

Sasa shemeji. Amekosea, lakini hakulitoa jambo hili hewani. Ukifungua tarikh za Waarabu wa Andalusi, yaani Uhispania ya Waislamu, utalikuta jina limeandikwa Gharsiya, kwa ghaini, na mtu anayejua Kiarabu lazima afikirie gharasa. Ila mwandiko huo ni wa wageni walioandika jina walilolisikia kwa majirani zao. Kiarabu cha vitabuni hakina g kama ile ya gari, kwa hiyo makatibu wakaazima ghaini. Chukua mfalme García Íñiguez wa Pamplona, kaskazini ya Uhispania, aliyerithi kiti cha babake Íñigo Arista mwaka 851 au 852, yule ambaye karibu mwaka 859 alitekwa na maharamia wa Kiviking akajikomboa kwa dhahabu nyingi. Katika vitabu vya Waislamu wa wakati ule anaitwa Gharsiya ibn Wannaqo. Wannaqo ndiye Íñigo. Jina limepitishwa katika masikio ya Kiarabu, nalo lilikuwa la wenyeji wa milimani tayari.

Na ukitaka kumchokoza shemeji zaidi, mtajie Abu Amir ibn Gharsiya. Huyu alikuwa katibu na mshairi wa karne ya 11 katika mji wa Denia, pwani ya mashariki ya Uhispania, Mwislamu aliyeandika Kiarabu cha kutukuka, na asili yake ni Mbaski, mtu wa milima ya kaskazini. Anakumbukwa kwa waraka mmoja mkali, alioutumia kuwasifu wasio Waarabu na kuwapiga vijembe Waarabu. Waliomjibu walikuwa wengi, na hasira zao zinasomeka mpaka leo.

Majina ya ukoo ya Kihispania yenye Kiarabu ndani yapo, na wewe unayeishi Oman utayasoma bila kamusi. Medina ni madina, mji. Alcántara ni al-qantara, daraja, kutokana na mji wenye daraja la Warumi juu ya mto Tajo. Alcalá ni al-qal'a, ngome. Yote hayo yalikuwa majina ya miji kwanza, kisha yakawa ya watu waliotoka huko. García njia yake ni nyingine.

Maana yake, basi. Majina mengi makubwa ya Kihispania yanafumbulika bila taabu. Fernando, Rodrigo, Gonzalo na Álvaro yaliletwa na Wagothi, kabila la Kijerumani lililotawala Uhispania kabla ya Waislamu kuvuka bahari mwaka 711. Martín ni Kilatini. Pedro shina lake ni Kigiriki. García halimo katika mafungu hayo. Linaanza kuonekana Navarra na kando ya milima ya Pirenei, nchi ya Wabaski, watu ambao lugha yao haina undugu na lugha nyingine yoyote inayosemwa leo. Makarani wa kanisa waliliandika kwa Kilatini Garsea au Garsias. Upande wa pili wa milima, Gascogne katika Ufaransa ya leo, watawala nao walikuwa na jina hilo hilo.

Katika Kibaski kuna maneno mawili yanayogombewa. Moja ni hartz, dubu. Jingine ni gazte, kijana, ambalo ukilitia kiambishi chake cha mwisho linakuwa gaztea. Kurasa nyingi za intaneti zitakupa dubu kama jambo lililokwisha, kwa kuwa dubu anapendeza kwenye kikombe na kwenye fulana. Tatizo ni kwamba hartz inaanza na h, na hiyo g ya mbele inabaki bila mwenyewe. Gazte inayo g, lakini nayo haina r. Wanaisimu wa Kibaski wamevutana juu ya sauti hizi kwa miaka mingi. Mimi naelemea upande wa kijana, kwa sababu familia za zamani zilirudiarudia majina machache, na kumwita mtoto "mdogo" ili asichanganywe na babake au babu yake ni desturi iliyopo kila pembe ya dunia. Lakini ukiniweka kizimbani sitaapa. La hakika ni kwamba kufikia karne ya 9 watu walikwisha kulitumia kama jina la mtu.

Kutamka nako kumegawanyika. Mhispania wa Madrid husema Garthía, na th yake ni ile ya thelathini. Mtu wa Andalusia kule kusini, wa visiwa vya Kanari, wa Meksiko au wa Manila atasema Garsía. Mkazo uko kwenye i, ndiyo maana Wahispania huiwekea alama juu. Wafilipino na Wamarekani wameiacha hiyo alama. Ni jina lile lile.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo Mswahili analielewa kuliko Mwingereza: namna jina la baba linavyomfuata mtoto. Kwetu Ali mwana wa Hamad anaitwa Ali Hamad, na mwanawe Juma anaitwa Juma Ali. Jina la pili linabadilika kila kizazi. Castilla, nchi iliyokuwa kaskazini ya kati ya Uhispania, katika karne ya 10 ilikuwa hivyo hivyo, na mfano mzuri kabisa ni watawala wake wenyewe, wale waliojenga Castilla ikawa dola. Alikuwapo Gonzalo Fernández. Mwanawe ni Fernán González, aliyefariki mwaka 970, shujaa wa mashairi ya kale. Mwana wa Fernán ni García Fernández, aliyefariki 995. Mwana wa García ni Sancho García, aliyefariki 1017. Mwana wa Sancho ni García Sánchez, kijana aliyeuawa mjini León mwaka 1029 alipokwenda kuoa. Vizazi vitano, damu moja, na hakuna jina la pili lililodumu zaidi ya maisha ya mtu mmoja. Ile -ez ya mwishoni ndiyo "bin" yao: González mwana wa Gonzalo, Fernández mwana wa Fernando, Sánchez mwana wa Sancho, Rodríguez mwana wa Rodrigo, na Pérez mwana wa Pero, yaani Pedro.

Mtazame tena Sancho García. Babake ni García, lakini jina halikuvikwa -ez. Limeachwa lilivyo. Umbo lenye kiambishi lilikuwapo, Garcés, na hasa Navarra na Aragón lilitumika sana. Wako watu wanaoitwa Garcés hadi leo. Kwingi, hata hivyo, watu waliona García inatosha yenyewe. Matokeo yake ni ya ajabu kidogo. Gonzalo na Fernando bado ni majina ya watoto wachanga, na González na Fernández ni majina ya familia, kila moja na kazi yake. García limehamia lote upande wa familia. Ukimpa mtoto leo jina la kwanza García, mpaka bibi yake atakushangaa.

Kuganda kwa majina kulichukua muda mrefu. Kuanzia karne ya 13 mpaka ya 15 familia nyingi ziliacha kubadilisha jina kila kizazi, zikaanza kurithishana lile lile. Hata baada ya hapo mambo hayakunyooka. Ndugu wa tumbo moja waliweza kuwa na majina ya ukoo tofauti, mmoja akachukua la bibi mzaa mama kwa ajili ya urithi, mwingine la mjomba mwenye cheo. Mchoraji Diego Velázquez, aliyezaliwa Sevilla mwaka 1599, babake alikuwa Juan Rodríguez de Silva. Velázquez ni jina la mamake. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki uliomalizika 1563, uliyalazimisha makanisa kuweka daftari za ubatizo na ndoa, na karani akishaandika si rahisi kufuta. Lakini mlango ulifungwa kabisa na sheria ya serikali: sheria ya usajili wa raia ya mwaka 1870, iliyoanza kutumika Januari 1871. Tangu hapo kila Mhispania ana majina mawili ya ukoo, la kwanza la baba, la pili la mama.

Hapo ndipo mlipomkosea daktari wenu. García Molina maana yake babake ni García na mamake ni Molina. Jina la kumwita na la kumpanga kwenye orodha ni García; mkiliandika moja tu, liwe hilo. Mke wake, akiwa Mhispania, hakulichukua jina lake alipoolewa, kwa hiyo msishangae akija na jina jingine kabisa. Watoto wao watabeba García la baba pamoja na jina la kwanza la mama yao. Utaratibu wa baba kutangulia ulilegezwa mwaka 1999, wazazi wakaruhusiwa kukubaliana kumtanguliza mama, na tangu mwisho wa Juni 2017 baba hatangulii tena kwa lazima ya sheria: wazazi wanaamua wakati wa kusajili. Wengi bado wanatanguliza la baba kwa mazoea.

Ila angalia usiitumie kanuni hii kwa muuguzi. Wafilipino walitawaliwa na Marekani baada ya Wahispania, na mpangilio wao ukageuka: jina la mama linakaa katikati, la baba linakuja mwisho. Mfilipino aliyeandikwa Reyes Garcia ni Garcia kwa baba. Mhispania aliyeandikwa Reyes García ni Reyes kwa baba. Kompyuta yenu haitajua tofauti hiyo, lazima mtu amuulize mhusika.

Wingi wa García umezaa tabia nyingine, ya kulikwepa. Mshairi Federico García Lorca, aliyezaliwa Fuente Vaqueros karibu na Granada mwaka 1898 na kuuawa mwaka 1936, alikuwa mwana wa Federico García Rodríguez na Vicenta Lorca Romero. Ulimwengu mzima unamwita Lorca, jina la mama, kwa kuwa ukisema "García" hakuna atakayejua unamtaja nani. Gabriel García Márquez wa Kolombia, mshindi wa Nobel ya fasihi mwaka 1982, wasomaji wa Kiingereza wanamkata vivyo hivyo na kumwita Márquez, lakini kwao Kolombia ni García Márquez, yote mawili.

Huyo García Márquez ana kisa kinachofaa kabisa kwa swali lako la ukoo. Babake, Gabriel Eligio García, alizaliwa nje ya ndoa mwaka 1901. Aliyemzaa alikuwa mwanamume aitwaye Gabriel Martínez Garrido. Mama yake alikuwa Argemira García Paternina, na mtoto akachukua jina la mama. Kwa mkondo wa baba, basi, mwandishi huyo angekuwa Martínez. García lake maarufu limetoka kwa bibi wa eneo la Karibi la Kolombia, na bibi huyo naye alilipata kwa njia ambayo hakuna anayehitaji kuihusisha na wafalme wa Pamplona.

Wanao waambie pia watazame migongo ya jezi. Xavi ni Xavier Hernández Creus. Pedri ni Pedro González López. Rodri, aliyetwaa Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora, ya 2024, ni Rodrigo Hernández Cascante. Gavi ni Pablo Martín Páez Gavira, amejikatia kipande cha jina la mama. Watatu wa kwanza wamekimbia majina ya ukoo ambayo nusu ya timu ingeweza kuyadai. Walioamua kubaki na García inawabidi walitangulizie jina lao la kwanza: msimu wa 2025/26 Barcelona wenyewe walikuwa na Eric García nyuma na Joan García golini.

Wako wangapi? Takwimu za taifa za Uhispania zinahesabu watu takriban milioni 1.45 wenye García kama jina la kwanza la ukoo, na idadi inayokaribia kulingana nayo wanalo kama la pili. Wanaolo mara mbili, García García, baba García na mama García, ni zaidi ya 70,000. Katika nchi ya watu kama milioni 49, hiyo ina maana ukikusanya Wahispania mia moja, sita hivi wana García mahali fulani katika majina yao mawili. Majina yanayofuata, Rodríguez, González, Fernández na López, hakuna hata moja linalofika milioni kwa jina la kwanza. García limeyaacha mbali.

Halikuenea sawasawa. Galicia, kaskazini magharibi, Rodríguez ndilo linalotamba. Asturias wanaongoza akina Fernández. García limejaa Castilla, Madrid, Murcia na kuteremka kusini. Linaongoza hata Catalonia, ambako wenyeji wana majina yao mengine kabisa, na sababu ni uhamiaji: karne ya 20 watu wa kusini walimiminika Barcelona kutafuta kazi viwandani. Mkasa ninaoupenda mimi ni wa nchi ya Wabaski. Viwanda vya chuma na migodi ya Bilbao vilivuta wafanyakazi kutoka Castilla na kwingineko, wakaja na majina yao, na leo jina lenye watu wengi kuliko yote huko ni García. Wabaski wengine huwaona hao ni wageni kwa majina yao, ilhali jina lenyewe kwa dalili zote lilitoka milimani kwao zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Muuguzi wenu sasa. Nadhani hapa ndipo watu wengi wa Ghuba wanapokosea, wakisikia Garcia wanamfikiria mtu mwenye damu ya Kihispania. Wahispania walioishi Ufilipino walikuwa wachache mno. Majina yalifika kwa karatasi. Tarehe 21 Novemba 1849 gavana mkuu Narciso Clavería alitoa amri kwamba kila familia iwe na jina la ukoo la kudumu. Malalamiko yake yalikuwa ya kiutawala: wenyeji waliobatizwa walijichagulia majina ya dini, de la Cruz na de los Santos wakajaa kila kijiji, ndugu wakawa na majina tofauti, na mkusanya kodi hakujua nani ameshalipa na nani ametoroka kwenda kisiwa kingine. Kikachapishwa kitabu cha orodha, kurasa 141, chenye majina kama 61,000 yaliyopangwa kwa alfabeti, mengine ya Kihispania, mengine maneno ya kienyeji, mengine majina ya mimea na mahali. Nakala zikapelekwa mikoani, mikoa ikagawa kurasa kwa miji, na wakuu wa vijiji wakaita familia moja moja zichague kutoka kwenye ukurasa uliowafikia.

Fikiria kazi hiyo ilivyokuwa. Mji uliopata kurasa za herufi moja ulitoka na majina ya herufi hiyo tu. Oas, katika mkoa wa Albay, hadi leo inajulikana kwa wingi wa majina ya ukoo yanayoanza na R. Familia zilizokwisha kubeba jina moja kwa vizazi vinne ziliruhusiwa kubaki nalo. Wengine walichukua kilichokuwapo mezani. Kwa hiyo Garcia wa Ufilipino anaweza kuwa amelipata jina kwa ubatizo wa zamani, kwa msimamizi wa ubatizo, au kwa kidole cha babu yake wa tatu kilichotua kwenye safu ya G. Carlos P. Garcia, mtu wa Talibon katika kisiwa cha Bohol, alikuwa rais wa nchi hiyo kuanzia 1957 hadi 1961, na hakuna Mfilipino aliyemwona Mhispania kwa ajili ya jina.

Amerika nitaipitia haraka. Walowezi wa Kihispania walilibeba tangu karne ya 16, na makanisa yakalikabidhi kwa wenyeji na kwa Waafrika waliokuwa watumwa, ambao mara nyingi waliandikwa jina la bwana au la msimamizi wa ubatizo. Leo liko katika majina matano ya juu Meksiko, linajaa Kuba, lakini Chile liko nyuma, huko wanatawala akina González na Muñoz. Marekani ndiko linakopanda kwa kasi. Katika sensa ya 1990 Garcia lilikuwa la 18. Mwaka 2000 likawa la 8, watu 858,289, na pamoja na Rodriguez yakawa majina ya kwanza ya Kihispania kuingia kumi bora ya nchi hiyo. Mwaka 2010 likawa la 6, watu 1,166,120.

Uchunguzi wa vinasaba nao unaunga mkono nilichokuambia mwanzo. Jina la ukoo na kromosomu Y, sehemu ya vinasaba waliyo nayo wanaume, vyote hupita kwa baba, kwa hiyo watafiti wamevilinganisha kwa wanaume wa Uhispania. Wenye majina adimu mara nyingi wanakutana kwa babu mmoja au wachache. Wenye majina kama García wametawanyika sawa na watu waliookotwa njiani. Ndiyo maana nawatahadharisha wanaouziwa "nembo ya ukoo wa García" kwenye fremu ya dhahabu. Nembo zilipewa mtu na kizazi chake, na familia nyingi zenye jina hili hazikuwahi kupewa yoyote. Baadhi ya nembo halali za García zina ndege korongo, ambaye kwa Kihispania ni garza. Mchoraji alicheza na sauti tu. Korongo hahusiani na asili ya jina.

Umeuliza kuhusu Afrika. Limefika, tena kwenye kiti cha enzi, kupitia Wareno ambao nao wana Garcia. Wafalme wa Kongo walibatizwa tangu mwisho wa karne ya 15, na kadhaa kati yao walitawala kwa jina hili. Mji wao mkuu ulikuwa Mbanza Kongo, ulioko Angola ya leo. Garcia I alikaa miaka miwili tu, 1624 hadi 1626. Garcia II, aliyeanza 1641, ndiye mkubwa: alishirikiana na Waholanzi dhidi ya Wareno wa Luanda, akawapokea mapadri Wakapuchini mwaka 1645, akatawala karibu miaka 20. Hapa pia Garcia lilikuwa jina la mtu, kama lilivyokuwa Castilla. Kwa Kikongo mfalme huyo aliitwa Nkanga a Lukeni. Mwanawe aliyemrithi hakuitwa Garcia. Kwa ubatizo alikuwa António I, aliyeuawa na jeshi la Wareno katika vita vya Mbwila tarehe 29 Oktoba 1665, na kwa Kikongo alikuwa Nvita a Nkanga, yaani Nvita wa Nkanga, mwana na jina la babake.